Uhamisho wa Kwenda Koha

Ifahamike kwa wote, walimu kwa wanafunzi, wapishi kwa mabawabu, na hata mbuzi wa jirani ambao hawakualikwa lakini walifika, kwamba Jumatatu ile asubuhi mbele ya bendera, Mkuu wa Chuo cha Ufundi na Biashara cha Mlima Pacha, mjini Kitale, alitangaza maendeleo. Si maendeleo ya barabara wala ya choo, la. Daktari Levi Wekoye alitangaza maendeleo yenyewe, mazima, kama yalivyoumbwa. Alikuwa amevaa suti ya mahafali, na kipaza sauti alikishika kwa mikono miwili ili kisimponyoke katika saa ya historia.

"Kuanzia mwezi ujao," alisema, "maktaba yetu inahamia Koha. Haya ndio maendereo."

Makofi yakapigwa. Watu wa Kitale si wachoyo wa makofi. Hakuna aliyeuliza Koha ni nini, kwa kuwa anayeuliza mbele ya bendera hujulikana jina, na akishajulikana jina huwekwa kwenye kamati.

Aliyeijua Koha ni mmoja tu, naye alikuwa amesimama nyuma ya wapishi. Huyu ni Nasimiyu, mkutubi wa chuo, binti wa Mabanga kule Bungoma, mama wa watoto wawili, mwenye miwani na mwenye subira. Koha, basi, ni programu ya kompyuta ya kupangia vitabu. Unaandika jina la kitabu, inakuambia kiko rafu gani, nani amekiazima, na amekaa nacho siku ngapi bila aibu. Haiuzwi. Wajuzi huiita programu ya chanzo huria, maana yake yeyote anaweza kuichukua, akaitumia, hata akaifungua ndani na kuirekebisha. Kwa miaka kumi na mmoja Nasimiyu alikuwa ameandika majina ya vitabu kwenye kadi na kuzipanga kwenye droo, na mchwa walikuwa wakizisoma kwa bidii kuliko wanafunzi. Likizo tatu mfululizo alikaa peke yake akaingiza vitabu vyote kwenye Koha, kimoja kimoja, elfu nne mia tatu na kumi na viwili. Kilichobaki kilikuwa ruhusa.

Na hapo kwenye ruhusa ndipo mambo yalipokwenda mrama. Muhula ule Daktari Wekoye alikuwa ametoa waraka kwamba barua zote za ofisi ziandikwe kwa Kiswahili sanifu, na neno la Kiingereza likionekana, mwandishi atajieleza kwa maandishi. Nasimiyu hakutaka kujieleza. Alikuwa na alama ya A katika Kiswahili tangu sekondari, na aliandika hivi:

"Naomba idhini maktaba yetu ihamie Koha. Koha ni ya chanzo huria na kuingia ni bure. Inafikiwa kutoka mahali popote. Vyuo vingi vimeshahamia huko, na jamii yake ni kubwa na yenye ukarimu kwa wageni."

Sasa wewe soma barua hiyo kwa jicho la ofisa. Unaona programu hapo? Huoni. Unaona kituo, tena kituo kizuri, chenye majirani.

Baada ya tangazo lile la mbele ya bendera, barua ilipelekwa kwa Kamati ya Uhamisho, chini ya uenyekiti wa Msajili, Bwana Gathii, mtu makini ambaye hajawahi kukosea kwa sababu hajawahi kumaliza jambo. Kamati ilikaa siku nzima. Ilianza na neno chanzo. Chanzo, kila mtu anajua, ni mahali mto unapoanzia. Mito ya huku kwetu inaanzia Mlima Elgon. Kwa hiyo Koha iko mlimani. Wakaendelea na neno huria. Huria ni kitu kisicho na ua wala geti. Kwa hiyo patahitajika bawabu. Bwana Gathii alitoa ramani, akaweka penseli juu ya Kapsokwony, akaisukuma kidogo kuelekea juu, na pale penseli ilipochoka akatia nukta. Kufikia saa ya chai Koha ilikuwa na barabara, mwinuko na posho ya mazingira magumu.

Nasimiyu alipoona kumbukumbu za mkutano zimebandikwa ubaoni, alienda ofisini kwa Msajili mbio mbio, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu aajiriwe.

"Bwana Msajili, Koha si mahali. Ni programu. Iko kwenye kompyuta yangu."

"Programu inawezaje kuwa na chanzo, madam?"

"Ni neno tu la kitaalamu."

"Kumbukumbu zimeshapitishwa," alisema Bwana Gathii, kwa huruma ya kweli. "Ulikuwa na nafasi ya kusema mapema."

Alijaribu kusema kwamba hakualikwa mkutanoni. Akajibiwa kuwa hilo nalo limo kwenye kumbukumbu, chini ya waliokosa kuhudhuria bila sababu. Ndugu yangu, kumbukumbu zikishapitishwa zimepitishwa. Zikisema jua linachomoza Webuye, wewe geuza kitanda chako na ulale. Nasimiyu alirudi maktaba akiwa ameudhika, akaiacha chai yake ikapoa.

Wiki iliyofuata Daktari Wekoye na Bwana Gathii walienda kuitembelea Koha. Ilikuwa ziara ya mafunzo ya siku tatu, kwa gari la chuo, dereva akiwa Kizito. Huyu Kizito ni mtu wa maneno machache akiwa barabarani na maneno mengi akirudi, na alimweleza Nasimiyu kila kitu, akiegemea rafu ya vitabu vya uhasibu.

Walianza na Kapsokwony. Pale stendi ya bodaboda Daktari alishusha kioo akauliza njia ya Koha. Sasa, mtu wa bodaboda hawezi kukuambia hajui mahali, ataonekana mgeni wa kazi. Akasema ni mbele kidogo. Wakapanda mbele kidogo, gari likilia, mpaka barabara ikawa shamba la vitunguu. Mama mmoja akawaambia wamepita, warudi chini. Wakarudi chini. Kijana wa duka akawaambia Koha zamani ilikuwa hapo hapo lakini siku hizi watu wake wameshuka upande wa Chwele. Wakashuka Chwele, wakakuta ni siku ya soko, ng'ombe na nyanya na watu, gari halipiti. Walikuwa na njaa na jua lilikuwa kali.

"Ndio Daktari akatoka kwa gari," alisema Kizito. "Akaangaria huku, akaangaria huku. Akasema, 'Gathii, hapa panatosha.' Sasa mimi nikauliza panatosha kuwa nini. Hawakunijibu. Wakaagiza nyama."

Siku mbili zilizobaki walizimalizia kwenye hoteli moja Bungoma mjini, yenye maji ya moto, wakiandika.

Ripoti ya Ziara ya Koha ilikuwa na kurasa arobaini na moja, na kusema kweli ilikuwa kazi nzuri. Ilieleza hali ya hewa ya Koha, ambayo ni ya baridi asubuhi. Ilieleza wenyeji, ambao ni wakarimu na wanafuga. Palikuwa na sura nzima juu ya chanzo chenyewe, ambacho wajumbe walikiona kikibubujika "bila ubaguzi." Picha ya jalada ilikuwa ya Daktari Wekoye akiwa ameshika kiuno, na nyuma yake kulionekana sehemu ya mbele ya ng'ombe. Ukurasa wa mwisho ulipendekeza safari nyingine nne za ufuatiliaji.

Na ukurasa wa kabla ya mwisho ulipendekeza mkutubi ahamishiwe huko.

Barua ilimfikia Nasimiyu siku ya Alhamisi. Alikuwa amehamishiwa kituo cha Koha kuanzia Jumatatu. Asiporipoti kwa muda wa siku saba, na kurudisha fomu ya kuripoti ikiwa na sahihi na muhuri wa msimamizi wa kituo, atahesabika ameacha kazi kwa hiari yake. Nafasi yake Kitale ingechukuliwa na Pauline, mdogo wake mke wa Daktari, msichana mpole aliyesomea mapambo ya keki.

Nasimiyu aliisoma barua mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Aliogopa, tusidanganyane. Mwanawe mkubwa alikuwa kidato cha tatu na mdogo ndio kwanza ameota meno ya mbele. Mtu akifukuzwa kazi anaweza kulia, kuomba, kukata rufaa. Lakini mtu aliyehamishiwa mahali ambapo hapapo atapanda gari gani? Na akienda kwa Daktari kumwambia hapapo, atakuwa amesema mkubwa alikaa siku tatu mahali ambapo hapapo, akaandika kurasa arobaini na moja. Hakuna mkubwa anayesamehe hesabu ya namna hiyo. Mchana ule alikaa mbele ya kompyuta yake akitazama tu, machozi yakimlenga.

Ndipo alipoiona sentensi aliyoitafsiri mwenyewe, kwa kufuata waraka, wakati alipokuwa akiipanga ile programu. Ilikuwa pale juu ya kioo cha kompyuta siku zote. Akaisoma, akacheka kidogo, kisha akaichukua fomu.

Jumatatu, Bwana Gathii alifika maktaba na daftari lake kuhakikisha kwamba kiti kiko wazi. Pauline alikuwa ameshaketi kwenye meza ya mbele. Lakini kule dirishani, mbele ya kompyuta, alikuwa Nasimiyu.

"Madam, wewe si ulipaswa kuwa Koha?"

"Niko Koha, bwana Msajili. Tazama."

Akatazama. Juu ya kioo palikuwa pameandikwa: Karibu Koha. Umeingia. Jina: Nasimiyu. Msimamizi.

Bwana Gathii alisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena kwa kidole. Alikuwa mtu wa maandishi, na haya yalikuwa maandishi. Akauliza ameingia saa ngapi, akajibiwa saa mbili kamili. Akauliza nani ametia sahihi fomu. Nasimiyu akamwonyesha: msimamizi wa kituo, Nasimiyu, na muhuri wa maktaba juu yake, wa rangi ya zambarau, bado unanuka wino.

"Basi umeingia," alisema Bwana Gathii, akatia alama kwenye daftari. Alipofika mlangoni alisita, akageuka kulitazama lile dirisha, kisha akajiambia kwamba umbali wa vituo haumo katika majukumu yake.

Maktaba ikaendelea hivyo, vituo viwili chumba kimoja. Mwanafunzi akija kutafuta kitabu, Pauline hufungua droo ya kadi, huona mchwa, huifunga taratibu na kusema, "Enda Koha, msee, hapo kwa dirisha." Mwanafunzi huenda Koha, hatua tisa, na kitabu chake hupatikana kabla hajakaa. Wiki ya pili Pauline mwenyewe aliomba ruhusa ya kutembelea Koha saa za mapumziko, akajifunza kuingiza vitabu, na ikaonekana ana mkono mwepesi.

Lakini Daktari Wekoye hakufurahi. Alitarajia mkutubi apotee, na mkutubi alikuwa akionekana. Tena kila alipoonekana, Bwana Gathii alikuwa na fomu ya kuthibitisha kwamba haonekani. Kwa hiyo mkutano wa Bodi ulipowadia mwishoni mwa mwezi, Daktari alileta ripoti yake na hoja moja: kituo cha Koha kifutwe na mkutubi wake aende nacho, kwa sababu za kiutendaji.

Bodi ile mwenyekiti wake ni Mwalimu Waithera. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mkulima wa mahindi, ambaye huja mkutanoni na gambuti zenye udongo na hazivui. Amefundisha nusu ya Trans-Nzoia kusoma, akiwemo Bwana Gathii, ambaye mpaka leo husimama kila Mwalimu akiingia. Siku hiyo aliwahi kwa saa nzima, akasema atangojea maktabani. Pauline alimuuliza anataka kitabu gani, akasema cha viwavi wa mahindi, akaelekezwa Koha. Alikaa pale dirishani, Nasimiyu akimwonyesha namna ya kutafuta. Alitafuta viwavi, akavipata. Alitafuta mbolea, akaipata. Kisha akasoma yaliyoandikwa juu ya kioo, akaomba ile ripoti ya Daktari aisome mpaka saa ya mkutano ifike. Kwenye sura ya chanzo kinachobubujika, Nasimiyu alisikia kiti kikitikisika, lakini alipogeuka uso wa Mwalimu ulikuwa umetulia.

Mkutanoni, Daktari alizungumza dakika arobaini. Nasimiyu aliitwa asimame kando ya mlango, ili afutwe akiwa hapo.

"Kwa kifupi," Daktari alimalizia, "kumweka mkutubi Koha ni hasara. Pale hapana vitabu."

Mwalimu Waithera alimuuliza kama alifika yeye mwenyewe.

"Nilifika, Mwalimu. Nikarara siku tatu."

"Ukazunguka?"

"Kila kona. Gathii ni shahidi."

Bwana Gathii alisimama, akaangalia viatu vyake, akasema ripoti ina sahihi zote mbili.

"Na hukuona kitabu hata kimoja?"

"Hata kimoja, Mwalimu. Niliona kwa macho yangu."

Mwalimu Waithera akamgeukia Nasimiyu. Akamuuliza, bila haraka, Koha kuna vitabu vingapi. Nasimiyu alijua kwamba jibu lake ndilo mkate wa watoto wake. Anaweza kuinamisha kichwa, aseme havipo, labda ahurumiwe na kupewa kazi jikoni. Lakini vitabu vile alikuwa ameviingiza kwa vidole vyake, kimoja kimoja, likizo tatu.

"Viko elfu nne mia tatu na kumi na viwili, Mwalimu. Nimevihesabu mwenyewe."

Daktari akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akingoja Bodi imcheke mkutubi.

"Hili ni jambo zito," alisema Mwalimu Waithera. "Mkuu wa Chuo amefika Koha hakuona kitu. Mkutubi yuko Koha na anaona elfu nne. Mmoja wao anadanganya, na Bodi haiwezi kukisia." Akafungua ripoti. "Ukurasa wa thelathini na nane unasema hivi: 'Koha inahitaji ofisa mwandamizi, mwenye kuyajua mazingira, akae huko muda mrefu.' Maneno ya nani haya?"

"Ni yangu, Mwalimu."

"Maneno ya busara. Napendekeza Daktari Wekoye ahamishiwe Koha kuanzia Jumatatu, avihesabu vile vitabu, asirudi mpaka amalize. Ofisi yake itashikwa na naibu. Anayepinga?"

Daktari alifungua kinywa. Kila mtu aliona kinywa kikifunguka. Ndani yake mlikuwa na sentensi moja tu ya kumwokoa, nayo ni kwamba Koha si mahali. Aliigeuza ulimini, akaiona upande huu, akaiona upande ule wenye hoteli ya Bungoma na maji ya moto, akaimeza. Pendekezo likapita kwa kauli moja, na Bwana Gathii akaliandika kwenye kumbukumbu kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida.

Jumatatu, Daktari Wekoye alitoka ofisini na sanduku la nguo, koti la baridi na jozi ya buti za mlimani. Hatujui alikusudia kwenda wapi. Labda alidhani Bodi inajua jambo asilolijua, labda kweli huko juu ya Kapsokwony kuna mahali. Kizito alimpakia sanduku, akamfungulia mlango wa nyuma kwa heshima zote, akawasha gari, akapiga kona ya maua, akasimama mbele ya maktaba. Zilikuwa hatua sitini. Akachukua daftari la gari, kwenye nafasi ya mwisho wa safari akaandika Koha, akamwomba mheshimiwa atie sahihi.

Ndani, Pauline alimwamkia shemeji yake, akamwonyesha dirisha. Daktari akaenda hadi pale na sanduku lake. Nasimiyu akasimama, kwa sababu alilelewa vizuri Mabanga, akamvutia kiti, akachukua fomu ya kuripoti na kuijaza: jina, cheo, saa ya kuingia. Kwenye nafasi ya msimamizi wa kituo akatia sahihi yake, akagonga muhuri. Akaanza kumfundisha. Daktari aliandika jina lake kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayeokota punje za mahindi kwenye nyasi, na baada ya robo saa kioo kikamwambia ameingia.

"Sasa tutaanza na kazi nyepesi, Daktari," alisema Nasimiyu, akaweka mbele yake kitabu chenye jalada la picha. Ilikuwa Ripoti ya Ziara ya Koha, nakala ambayo Mwalimu Waithera aliiacha kwa maandishi kwamba ihifadhiwe maktaba, wasomaji wanufaike. "Jina la mwandishi unalijua. Jina la kitabu unalijua. Iliyobaki ni kuchagua rafu. Nikuwekee jiografia, ama hadithi za kubuni?"

Daktari Wekoye alikaa akiitazama ile picha yake ameshika kiuno. Alitazama nje, kisha akamtazama Pauline, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi. Wanafunzi waliokuwa wakisoma hawakuwa wakisoma tena.

"Kubuni," alisema, kwa sauti ndogo.

"Sijasikia, Daktari."

"Weka kwa kubuni."

Nasimiyu akabonyeza. Na kwa kuwa Koha inafikiwa kutoka mahali popote, kitabu hicho kikaonekana papo hapo kwenye simu za Kitale, za Chwele na za Bungoma mjini: Wekoye, Levi. Hadithi za kubuni. Kurasa arobaini na moja. Kufikia saa sita mchana kilikuwa kimeshaazimwa, na waliojiandikisha kukingojea walikuwa thelathini na mmoja, wa kwanza wao Gathii.